Kristo Ndani Yenu: Furaha Isiyoondolewa

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mdo. 16:16–34, Mwa. 3:1–10, Luka 17:20, 21, 1 Kor. 6:19, 20, Yn. 14:16–23, Yn. 15:1–11, Zab. 51:10–12, 1 Fal. 19:1–18; Flp. 4:4–13.

Fungu la Kukariri: Wakolosai 1:27. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, hata uweze kulisema bila kutazama.

Kila mtu anatafuta furaha, na washauri wa furaha hawapungui. Simuni, redioni, na hata katika mimbari nyingine, tunaambiwa tujitazame ndani kwa kuwa uungu umo humo; mtu akiugundua uungu wake, wanasema, hatahuzunika tena. Maneno haya huwavuta waumini wengi kwa sababu yanafanana na ya Biblia. Paulo naye aliwaandikia Wakolosai kwamba siri iliyofichwa tangu zamani sasa imefunuliwa, nayo ni kwamba Kristo yumo ndani yao.

Lakini kufanana si kuwa sawa. Washauri hao wanasema kwamba kilicho ndani yako ni wewe mwenyewe, ila hujajijua. Paulo anasema kwamba aliye ndani yako ni Mwingine, aliyekuja kwa neema. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwenyeji haponi kwa kukaa na kujitazama. Anapona kwa sababu kuna aliyebisha hodi, akakaribishwa, akaingia na kitu mkononi.

Juma hili tutajifunza kuhusu furaha inayoletwa na Mgeni huyo, jinsi ya kuutambua uwepo wake, na la kufanya siku ambazo moyo ni mzito na hatuhisi kitu.

JUMAPILI

Nyimbo Gerezani

Soma Matendo 16:16–34. Ni mambo gani yaliwapata Paulo na Sila kabla ya usiku wa manane? Walikuwa na nini ambacho mlinzi wa gereza hakuwa nacho?

Filipi ulikuwa mji wa koloni la Kirumi, na Paulo alikuwa raia wa Rumi. Hata hivyo yeye na Sila walivuliwa nguo mbele ya watu, wakapigwa kwa bakora bila kuhukumiwa, wakatiwa katika chumba cha ndani cha gereza, na miguu yao ikafungwa kwa mkatale. Migongo ilikuwa na majeraha ambayo hakuna aliyeyaosha. Kosa lao lilikuwa kumweka huru kijakazi aliyewaletea mabwana zake faida kwa uaguzi.

Angalia mpangilio wa matukio. Waliomba na kuimba kwanza. Tetemeko la nchi likaja baadaye. Hakuna aliyekuwa amewaahidi kwamba milango itafunguka usiku ule. Na ilipofunguka, hawakukimbia. Furaha yao haikuwa ikiwangoja nje ya mlango, basi mlango ukiwa umefungwa haikuweza kuzuiwa, na mlango ukiwa wazi haikuhitaji kukimbiliwa.

Sasa mtazame mlinzi wa gereza. Yeye ndiye aliyekuwa na funguo, upanga, kazi na nyumba. Lakini alipoona milango i wazi alitaka kujiua papo hapo. Kila kilichomshikilia maishani kilikuwa nje yake, na kilipotikisika, naye alitikisika pamoja nacho. Kabla ya kupambazuka aliyaosha majeraha ya wafungwa wake, akabatizwa, akawaandalia chakula mezani, na Luka anaandika kwamba alifurahi sana pamoja na nyumba yake yote kwa kuwa wamemwamini Mungu. Gereza lilikuwa lile lile, na kazi ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa ndani yake palikuwa na Mtu.

Miaka kadhaa baadaye, akiwa kifungoni tena, Paulo aliliandikia kanisa la mji huo huo. Katika sura 4 tu za Waraka kwa Wafilipi, neno la Kiyunani la furaha pamoja na vitenzi vya kufurahi na kufurahi pamoja yanaonekana mara 16. Waliosomewa waraka huo hawakuweza kusema kwamba Paulo anafundisha asichokijua. Huenda mlinzi yule mwenyewe alikuwa ameketi kanisani akisikiliza.

Orodhesha mambo matatu ambayo, yakiondolewa leo, unadhani furaha yako ingeondoka nayo. Orodha hiyo inakufundisha nini kuhusu mahali ulipoiweka furaha yako?

JUMATATU

Ahadi ya Nyoka

Soma Mwanzo 3:1–10. Nyoka alimwahidi Hawa nini, na ni nini kilichotokea baada ya wao kula?

Hawa hakupungukiwa na kitu. Alikuwa ameumbwa kwa mfano wa Mungu, akazungukwa na kila mti uliopendeza kwa macho na uliofaa kwa chakula, na Muumba wake alitembea bustanini. Nyoka hakumwahidi chakula wala makao. Alimwahidi kufanana na Mungu bila Mungu, yaani kuwa na nuru yake mwenyewe ndani yake, asiyoipokea kwa mwingine. Tunda la kwanza la ahadi hiyo lilikuwa aibu, la pili hofu. Adamu na mkewe, waliozoea kufurahia kumsikia Bwana, sasa waliisikia sauti yake wakajificha kati ya miti.

Fundisho la kwamba binadamu ni mungu mdogo ni ahadi ile ile iliyovaa nguo mpya. Nabii Yeremia anatuambia wazi hali ya moyo ukiachwa peke yake: ni mdanganyifu kuliko vitu vyote na una ugonjwa wa kufisha (Yer. 17:9). Nikijitazama ndani na kumkuta mimi peke yangu, nimemkuta mgonjwa, sijamkuta tabibu.

Soma Luka 17:20, 21. Yesu alikuwa akizungumza na nani? Jambo hilo linatusaidiaje kuelewa jibu lake?

Wengi hutumia fungu hili kuthibitisha kwamba kila binadamu amezaliwa na uungu ndani yake. Lakini Yesu alikuwa akiwajibu Mafarisayo waliouliza ufalme wa Mungu utakuja lini. Neno la Kiyunani lililotafsiriwa "ndani yenu" laweza pia kumaanisha "katikati yenu." Mafarisayo hao walikuwa wakimkataa Mfalme, isingefaa kuwaambia kwamba tayari anatawala mioyoni mwao. Maana inayokubaliana na mazungumzo yenyewe ni kwamba walikuwa wakichungulia mbali kutafuta ishara, na kumbe Mfalme alikuwa amesimama mbele yao. Ufalme ulikuwa umewafikia kwa kuwa Yesu alikuwa amewafikia. Kilichobaki ni wao kumpokea.

Ni kwa njia gani wazo la kujitegemea wenyewe kiroho linaweza kuingia hata katika maisha ya mtu anayeshika Sabato na kurudisha zaka?

JUMANNE

Hekalu na Akaaye Ndani Yake

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Paulo anataja sababu gani mbili za kumtukuza Mungu katika miili yetu?

Katika Kiyunani kuna neno linalotaja eneo zima la hekalu pamoja na nyua zake, na neno jingine linalotaja patakatifu penyewe. Hapa Paulo anatumia hilo la pili. Mwili wa mwamini, hata ukiwa mwili wa mzee anayetembelea mkongojo, ni mahali Roho Mtakatifu alipopachagua kukaa. Na Paulo anaongeza mara moja kwamba sisi si mali yetu wenyewe, maana tulinunuliwa kwa thamani. Hekalu halijivuni kwamba ni Mungu. Heshima yake yote inatokana na Yule akaaye ndani yake.

Israeli walijifunza hili kwa uchungu. Sulemani alipoliweka wakfu hekalu, utukufu wa Bwana uliijaza nyumba hata makuhani wasiweze kusimama kuhudumu (1 Fal. 8:10, 11). Karne kadhaa baadaye, Ezekieli aliona katika maono utukufu huo ukiondoka, hatua kwa hatua, hata ukasimama juu ya mlima ulio mashariki ya mji (Eze. 10; 11:22, 23). Wakati huo kuta zilikuwa zingali zimesimama na sadaka zilikuwa zikiendelea kutolewa. Mtu aliyepita njiani asingeona tofauti yoyote. Lakini nyumba ilikuwa tupu, na haikupita miaka mingi Wababeli wakaiteketeza.

Kanisa letu nalo lilijaribiwa kwa jambo hili. Mnamo Februari 18, 1902, moto uliteketeza hospitali maarufu ya Waadventista ya Battle Creek, Michigan, Marekani. Mganga wake mkuu, Dkt. John Harvey Kellogg, aliandika kitabu ambacho mauzo yake yangesaidia ujenzi mpya. Kitabu hicho, The Living Temple, kilitoka 1903. Kilifundisha mengi kuhusu mwili na afya, lakini ndani yake kulikuwa na wazo kwamba Mungu yumo katika kila kitu kiishicho kwa namna ambayo Mungu aliye Nafsi, anayesikia, anayependa na kuhukumu, alianza kutoweka. Ellen G. White alilionya kanisa waziwazi juu ya mafundisho hayo. Daktari aliendelea kutofautiana na viongozi wa kanisa, na 1907 ushirika wake ulikoma.

Kwa nini jambo hilo lilikuwa zito? Kwa sababu Mungu aliyesambaa katika kila jani na kila mshipa wa damu hawezi kuombwa msamaha wala kusamehe. Hana patakatifu pa mbinguni anapomwombea mtu, wala hana ahadi ya kurudi. Mtu hawezi kufarijiwa na nguvu isiyomjua kwa jina. Furaha ya Mkristo inahitaji Mwingine wa kufurahi naye.

Kama mwili wako ni mahali Roho anapokaa, ni tabia gani moja katika kula, kunywa, kupumzika au kutazama ambayo Mgeni huyo angependa muizungumzie?

JUMATANO

Kukaa Naye na Kumtambua

Soma Yohana 14:16–23 na Yohana 15:1–11. Yesu anaahidi kwamba ni nani watakaokuja kukaa na mwanafunzi? Furaha inayotajwa katika 15:11 ni ya nani?

Maneno haya yalisemwa usiku ambao Yesu alikamatwa. Getsemane ilikuwa mbele yake, na Yuda alikuwa ameshaondoka mezani. Katika saa hiyo Yesu anazungumza juu ya furaha yake mwenyewe, na anataka iwe ndani ya wanafunzi. Hakuwaambia waitengeneze. Tawi halikunji uso likijikaza kutoa zabibu. Linakaa katika mzabibu, na utomvu unafanya kazi yake. Ndiyo maana Paulo anaiita furaha tunda la Roho (Gal. 5:22).

Neno la Kiyunani la "makao" ambalo Yesu alilitumia aliposema nyumbani mwa Baba yake kuna makao mengi (14:2), ndilo analolirudia anaposema kwamba Baba na Mwana watafanya makao kwa ampendaye (14:23). Tunangoja kwenda kukaa kwake. Naye, kwa Roho wake, hangoji kuja kukaa kwetu.

Lakini mtu aweza kuwa na mgeni nyumbani asimtambue. Yakobo alilala Betheli, jiwe likiwa chini ya kichwa chake, na alipoamka alikiri kwamba Bwana alikuwapo mahali pale naye hakujua (Mwa. 28:16). Wanafunzi wawili walitembea na Yesu njia ya Emau, nyuso zao zikiwa zimekunjamana. Angalia walivyosaidiwa: alianza kwa kuwafungulia Maandiko, na mioyo yao ikawaka ndani yao kabla hawajamjua ni nani. Kisha wakamshurutisha akae nao, na mezani yule aliyekuwa mgeni akautwaa mkate, akaubariki na kuwagawia, kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba (Luka 24:13–35). Hapo ndipo macho yao yalipofumbuliwa.

Kwa hiyo kuutambua uwepo wa Kristo si kufumba macho na kuondoa kila wazo kichwani hadi tuhisi kitu. Ni kulifungua Neno na kulitafakari polepole, fungu moja hadi litufikie. Ni kuzungumza naye kwa jina lake katika foleni ya maji, ndani ya daladala, jikoni kabla watoto hawajaamka. Ni kulitii lile tulilokwisha kulielewa, kwa maana ahadi ya 14:23 imeambatanishwa na kulishika neno lake. Na ni kumpa Mgeni kiti cha mwenyeji, aamue nyumba iendeshwe vipi.

Chagua fungu moja kutoka Yohana 15. Libebe moyoni siku nzima ya leo, na jioni andika sentensi moja juu ya mahali ulipomtambua Bwana.

ALHAMISI

Moyo Unapokuwa Mzito

Soma Zaburi 51:10–12 na 1 Wafalme 19:1–18. Ni nini kilichoiondoa furaha ya Daudi? Ni nini kilichoiondoa ya Eliya? Mungu aliwashughulikiaje, kila mmoja kwa haja yake?

Katika kuyazungukia madarasa ya Shule ya Sabato, nimesikia swali moja ambalo mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, darasa likiisha: "Kama Kristo yumo ndani yangu, mbona sina furaha?" Swali hili halistahili jibu la haraka.

Kwa Daudi sababu ilikuwa dhambi iliyofichwa. Maombi yake mawili yanafuatana: Roho Mtakatifu asiondolewe kwake, na furaha ya wokovu irudishwe. Hakuomba aifiche huzuni. Aliomba moyo safi, na alijua kwamba furaha ingerudi kwa njia ya toba.

Eliya hakuambiwa atubu ndipo apewe chakula. Alikuwa amechoka, ametishwa, na alidhani amebaki peke yake hata akaomba afe. Mungu alimwacha alale. Malaika akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, na pamoja nayo habari za watu 7,000 wasiompigia Baali magoti, na mwenzake wa kazi, Elisha. Kwa hiyo tusimwambie kila mwenye huzuni kwamba imani yake ni haba. Mama aliyemzika mtoto juma lililopita hahitaji kuambiwa atabasamu. Anahitaji mtu wa kuketi naye na kumtekea maji. Na ndugu ambaye huzuni imemkalia majuma mengi, halali, hali, au anataka kujidhuru, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali kama tunavyompeleka mgonjwa wa malaria. Maombi na matibabu havigombani.

Paulo mwenyewe, mwandishi wa waraka wa furaha, anakiri kwamba kama Epafrodito angekufa angepata huzuni juu ya huzuni (Flp. 2:27). Mahali pengine anajieleza kuwa mwenye huzuni, lakini siku zote anafurahi (2 Kor. 6:10). Vyote viwili vyaweza kukaa katika kifua kimoja. Furaha ya Kristo haifuti machozi yote leo, hilo limewekwa kwa ajili ya siku ya kurudi kwake (Ufu. 21:4). Lakini Mgeni huyu haondoki nyumbani msiba unapoingia. Ukimhisi, yupo. Usipomhisi, ahadi yake haijabadilika, na ni ahadi hiyo tunayoishika mpaka moyo upate nguvu ya kuimba tena.

Ni nani katika darasa lako au mtaani kwako ambaye kwake wewe waweza kuwa mkate na maji juma hili? Panga siku ya kwenda.

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma Wafilipi sura zote 4 kwa kikao kimoja, ukitia alama kila mahali neno furaha au kufurahi linapoonekana. Kisha linganisha Wafilipi 4:4–13 na Habakuki 3:17–19, ambako nabii anataja mtini usiochanua maua, mashamba yasiyotoa chakula na zizi lisilo na ng'ombe, na bado anamfurahia Bwana. Tuliowahi kuona mvua zikikataa tunaijua gharama ya maneno hayo.

Ellen G. White alikifunga kitabu chake Steps to Christ, kilichochapishwa 1892, kwa sura inayohusu kufurahi katika Bwana. Mahali ilipowekwa sura hiyo pana fundisho. Inakuja baada ya toba, kuungama, imani, kukua katika Kristo na maombi. Furaha haikufanywa mlango wa kuingilia, kana kwamba asiyeihisi hajaokoka. Ni matunda ya nyumba ambayo Kristo amekaa ndani yake.

Jioni hii, Sabato inapoingia, familia zetu zinafungua tena mlango kwa Mgeni. Kila anayeketi katika ibada ya kufungua Sabato, awe na moyo mwepesi au mzito, anaweza kusema kwa imani pamoja na Paulo kwamba Kristo yu hai ndani yake (Gal. 2:20). Na furaha ambayo Kristo anaileta, alisema mwenyewe, hakuna mtu awezaye kuiondoa (Yn. 16:22).

Maswali ya Kujadili

1. Ungemwelezaje jirani yako tofauti kati ya kusema "mimi ni mungu" na kusema "Mungu anakaa ndani yangu"? Tofauti hiyo inahusu nini siku mtu anapotenda dhambi? Inahusu nini siku anapokaribia kufa?

2. Mlinzi wa gereza alionyesha furaha yake kwa kuosha majeraha aliyoyakuta. Darasa lenu linajua majeraha gani katika kijiji au mtaa wenu ambayo hakuna aliyeyaosha?

3. Je, kanisani kwenu mtu anaweza kusema wazi, "Sabato hii sina furaha," bila kuhukumiwa? Mfanye nini ili iwezekane?

4. Hekalu la siku za Ezekieli liliendelea na ibada wakati utukufu ulikuwa umeondoka. Ni dalili gani zingetuonya kwamba jambo kama hilo linatukia kwa mtu binafsi au kwa kanisa, na lango la kurudia liko wapi?